Rimu Nne, Namba Tatu

Louth, Lincolnshire
Januari 11, 1987

Mpwa wangu Rosalind,

Hujambo huko Adelaide, na Nick, na watoto? Sisi tupo, kwa kiasi chetu. Theluji imefika magotini tangu juzi na mabomba yameganda. Enid anayamwagia maji ya birika huku akininunia mimi, kana kwamba baridi nimeileta mimi mfukoni. Kabichi zangu kwenye kishamba cha kukodi zimekufa zote. Kanisani paa limevuja juu ya kinanda, kwa hiyo sasa tunaimba bila kinanda, na tumegundua kwa pamoja kwamba hatujui kuimba.

Salamu zimekwisha. Sasa neno lenyewe, na naomba usiikunje barua kabla hujafika chini.

Nilikwenda kumwona baba yako Jumatano kwenye nyumba ya wazee. Lionel amekwisha, Rosalind. Mkono wa kulia haujarudi tangu ajali, na sasa kifua nacho kimeanza. Daktari hasemi lolote la maana, anaangalia karatasi zake tu na kukohoa kuliko mgonjwa. Baba yako hakuulizii. Hajawahi kukuulizia. Lakini picha yako ameiweka kwenye meza ya dawa, na nesi akipangusa vumbi akaigeuza kidogo, yeye huirudisha kwa mkono wa kushoto mpaka imtazame. Nimeona mara tatu.

Mwaka wa nne huu hujamwandikia. Najua sababu. Mama yako alikuwa dada yangu kabla hajawa mama yako, kwa hiyo usidhani nimesahau nani amelala pale nyuma ya kanisa. Nakuomba tu mistari mitatu. Mwambie kuna joto huko, mwambie watoto wana meno mangapi, mwambie chochote.

La pili ni gari. Nyumba imeuzwa, na banda linatakiwa liwe tupu mwisho wa Machi. Bado limo humo chini ya turubai, kama lilivyotolewa mferejini. Mtu mmoja wa kilabu yetu ya magari anataka injini na ekseli ya nyuma. Lionel amesema nifanye nitakavyo. Miaka tisa alilijenga gari lile kwa mabomba ya chuma na mabati, mimi nikimkerezea vipande, na leo anasema nifanye nitakavyo! Basi nakuuliza wewe.

Mjomba wako,
Percy


Adelaide
Januari 26, 1987

Mjomba,

Shikamoo, na umsalimie mkazamjomba Enid. Huku joto limefika arobaini na moja, watoto wanalala sakafuni juu ya vigae. Sophie ameanza shule. Mdogo, yule niliyekuwa naye tumboni nikashindwa kupanda ndege kuja kumzika mama, anatimiza miaka mitatu keshokutwa. Anaitwa Muriel, jina la mama, kama unavyojua. Kila nikimwita akale, nakumbuka.

Kwa hiyo hapana. Simwandikii.

Unaniomba kama vile ni mimi niliyemkosea. Nilipiga simu hospitali wiki ile, wakampelekea kitandani. Nikamuuliza swali moja, "Baba, ulikuwa umekunywa?" Kisha akasema, "Ndiyo, Roz. Nilikunywa." Hakusema samahani, hakusema lingine. Polisi aliwaambia hakumbuki kitu, mahakamani wakaandika bahati mbaya, lakini mimi aliniambia. Ametoka baa Jumapili mchana na mke wake pembeni, akaendesha kigari kisicho na paa wala mlango, akamtumbukiza kwenye mfereji wa mashamba. Na ninyi mlikuwa meza moja naye, wewe na wanaume wenzako wa kilabu, mkimwangalia anajaza glasi. Hilo nalo silisahau, Mjomba, kwa kuwa umenikumbusha.

Gari uza. Injini, ekseli, mabati, hata turubai. Kitu kimoja tu nataka: rimu. Zile nne nilizomtumia kwa meli, siku yake ya kuzaliwa ya sitini na tano. Kama zimebaki mbili, nitumie mbili. Barua ya mwisho ya mama ilizungumzia hizo. Aliandika, "Baba yako anazisugua kwa mswaki kila Jumapili, na mswaki wenyewe ni wangu." Nilicheka sana siku ile. Nataka niwe nazo. Nick atanifungia moja ukutani pale kibarazani.

Rosalind


Louth
Februari 15, 1987

Mpwa wangu,

Salamu nyingi. Theluji imeyeyuka, sasa ni tope. Enid ameanguka kwenye ngazi za posta, hakuvunjika kitu ila kiuno kinamsumbua, na lawama zote bado ni zangu.

Injini na ekseli vimekwenda. Rimu siwezi kukutumia. Mbili zilipinda, na mbili zilizobaki zina mikwaruzo, hazipendezi, na meli siku hizi ni usumbufu mtupu na fomu za forodha kurasa sita. Tena ukutani zitakufaa nini? Nunua picha ya maua. Nimeziweka mahali, achana nazo.

Sasa hilo la meza. Nimelisoma mara nyingi, na kila nikilisoma linanichoma upya. Eti tulimwangalia akijaza glasi! Rosalind, mimi ni mtu mzima, nina miaka sitini na nane, usinitukane kwa karatasi. Nilikuwepo, ndiyo. Enid alikuwepo. Mama yako alikula nyama ya kondoo na akaomba mchuzi zaidi. Na baba yako alikuwa anameza vidonge vya vidonda vya tumbo mwezi mzima, daktari amemkataza hata siki. Alikunywa soda ya tangawizi, glasi moja, na nusu yake akaiacha kwa sababu ilikuwa vuguvugu. Mimi ndiye niliyeimalizia.

Nimeandika kuliko nilivyokusudia. Karatasi hizi za barua za ndege hazina nafasi ya kufuta. Ningekuwa na akili ningeichana, lakini Enid amekwisha kubandika stempu na ameshika mlango ananisubiri.

Mwandikie baba yako.

Percy


Adelaide
Machi 2, 1987

Mjomba Percy,

Natumaini kiuno cha mkazamjomba kinaendelea vizuri. Sisi hatujambo. Hizo ndizo salamu.

Soda ya tangawizi.

Siku tatu nimetembea na neno hilo humu ndani. Nimeunguza mikate. Nimemfokea Sophie kwa sababu ya kiatu. Kama alikunywa soda, kwa nini aliniambia mimi, mwanawe, kwamba alikunywa pombe? Nani hujisingizia kitu kama hicho? Mtu akiniambia uongo ili ajisafishe namwelewa. Huyu alisema uongo ili ajichafue, na akauacha ukae miaka mitatu na nusu. Na wewe ulijua! Nilikuandikia mwezi ule ule wa mazishi kwamba baba alikuwa amelewa. Ulinijibu habari za mawe ya kaburi.

Nikamwambia Nick. Unajua Nick hafungui mdomo ovyo, anatengeneza magari ya watu siku nzima na akirudi anataka chakula na ukimya. Akauliza, "Kwa nini mjomba wako hataki kutoa rimu?" Nikasema ana uvivu wa fomu. Akauliza tena, "Zilikuwa na kina gani?" Nikamwambia sijui kina ni kitu gani. Akanitazama vibaya sana, Mjomba.

Alinipeleka uani. Akalaza rimu ya gari lake kifudifudi, akaweka rula ndefu juu ya ukingo, akashusha nyingine katikati mpaka pale inapogusana na kitovu cha gurudumu. Akasema pale ndipo rimu inapokaa. Ikikaa karibu na uso wa nje, tairi lote linaingia ndani, chini ya gari. Ikikaa katikati, tairi linatoka nje. Matundu yanaweza kulingana, nati zikaingia vizuri, gari likapendeza, na bado likawa si gari lile lile. Akasema rimu ina namba nne: kimo, upana, matundu na nafasi yake, na kina; mwenye duka asiponiuliza ya nne basi alinionea haya.

Mwenye duka aliniuliza. Nimekumbuka. Alisema, "Na kina?" Nikamwambia mjomba wangu ni fundi mkereza chuma, ameniandikia kila kitu, hizi hapa namba zake.

Nimeitoa barua yako kwenye kopo la biskuti. Machi 1983. Nilikuandikia kwa siri unipimie rimu za baba ili nimshtue siku yake. Umeandika: "Kimo inchi kumi na tatu. Upana inchi tano na nusu. Matundu manne, nafasi yake inchi nne na robo. Mwambie mwuzaji asikuibie." Namba tatu, Mjomba. Nimehesabu kama mwehu, nimegeuza karatasi nyuma na mbele.

Niambie siku ile barabarani kulitokea nini. Usinipe habari za kabichi.

Rosalind


Louth
Aprili 9, 1987

Rosalind,

Barua yako ina mwezi mzima kwenye mfuko wa koti langu la kazi. Nimeanza kujibu mara nne, Enid shahidi. Leo amenikalisha mezani akafunga redio, akasema sitoki mpaka nimalize.

Haya.

Gari la baba yako lilikuwa zuri. Nataka uanze hapo. Watu wanajenga vigari hivi kwenye mabanda yao nchi nzima, na vingi ni mikokoteni yenye honi. La Lionel lilikuwa gari. Tulilipima magurudumu kwa uzi uliofungwa kwenye stendi nne, tukalala chini na rula mpaka migongo ikafa ganzi. Jumamosi tulikuwa tunalipeleka kwenye uwanja wa ndege wa zamani, ule wa vita, lami pana na majani pembeni. Alikuwa anaingiza magurudumu ya kushoto kwenye majani kwa makusudi, ya kulia yabaki kwenye lami, halafu anakanyaga breki kwa nguvu zote na kuachia usukani. Kabisa, anainua mikono juu! Gari linasimama limenyooka. Mama yako alikuwa anakaa kwenye kiti cha kukunja na chupa ya chai, anamwambia, "Lionel, una wazimu, rudia." Alipenda mno.

Lilinyooka kwa sababu gurudumu la mbele linageukia kwenye mhimili wake, na ukiuchora mhimili ule kwa mstari mpaka chini, ulikuwa unagusa lami karibu kabisa na katikati ya tairi. Breki ikishika upande mmoja kuliko mwingine, tairi halina pa kushikia usukani likauvuta. Hatukulitengeneza hivyo kwa bahati. Tulichora kwa chaki sakafuni, chaki ile ipo mpaka leo.

Rimu zako zilifika Juni. Alizifungua jikoni, juu ya kitambaa cha meza. Alitoka akaenda kusimama bustanini. Muriel akaniambia, "Mwache, analia." Jioni ile ile akazifunga, nati zikaingia kama zilizaliwa pamoja. Nikaona tangu nikiwa getini. Tairi za mbele zimechomoza nje ya vikinga tope. Majirani wakasema limependeza, limekanyaga upana. Kweli lilipendeza.

Nilirudi Agosti na rula yangu, yeye hayupo. Mstari ulikuwa unagusa lami ndani kabisa, mbali na katikati ya tairi. Ile nafasi katikati ni mkono, Rosalind. Breki ikilishika tairi, tairi linavuta ule mkono, na mkono unavuta usukani. Yakishika yote mawili sawasawa yanapingana na husikii kitu. Likishika moja peke yake, linakunyang'anya. Alikuwa ameshalisikia. Aliporudi aliniambia usukani umekuwa mzito kwenye maegesho, na barabarani gari linafuata kila mtaro wa lami, linatafuta njia yake lenyewe. Nikamwambia zitoe, rudisha za zamani. Akasema, "Muriel ameshampigia Roz picha ya gari likiwa nazo. Ataomba nyingine Krismasi. Nitamwambia nini mtoto, zawadi yako nimeitia darini?" Nikasema basi tusogeze mihimili. Akasema majira ya baridi, gari likiwa limelala.

Mara moja tu nilimwambia. Sikumwambia ya pili. Unataka kujua kwa nini, basi jua. Ningeshikilia sana, angeuliza kina cha zamani kilikuwa ngapi na nani alikupimia. Na mimi nilishakumbuka. Ile Machi nilipima rimu ikiwa imefungwa kwenye gari, nikiwa na haraka, nikichungulia banda Lionel asije akanikuta. Rimu iliyofungwa huwezi kuipima kina. Nikajiambia nitarudi siku akiitoa. Sikurudi, nikatia barua posta. Miaka arobaini nimekereza chuma kwa sehemu ya elfu ya inchi, nimefukuza vijana kazini kwa kosa la unene wa unywele, halafu nikamwandikia mtoto wa dada yangu namba tatu.

Jumapili ile ya Oktoba walitutangulia kutoka baa. Matrekta yalikuwa yanavuna bitiruti za sukari, tope limemwagika ukingo wote wa kushoto pale kwenye kona ya mfereji. Lori la mkulima lilikuwa limesimama mbele kidogo. Lionel hakwenda kasi. Alibana kushoto, akakanyaga breki kama alivyokanyaga mara mia uwanjani, kushoto tope, kulia lami kavu. Mkulima alisema gari liligeuka kulia peke yake, kama limevutwa kamba. Likavuka barabara likaenda mferejini. Mikono yake miwili ilikuwa kwenye usukani, kidole gumba cha kulia kilivunjika kwa usukani kumpokonya. Mimi ndiye niliyefika wa kwanza nyuma yao. Mengine siandiki.

Polisi walikagua. Breki nzima, tairi nzima, nati zimekaza. Hakuna aliyeuliza kina.

Hospitali, kabla hujapiga simu, alinishika shati kwa mkono wa kushoto akasema, "Roz asijue. Percy, ukimwambia nakuua." Basi ndivyo alivyokujibu ulivyouliza. Nami nikanyamaza, na sitakudanganya kwamba nilinyamaza kwa ajili yako tu. Lionel hajawahi kuniuliza nani alikupa vipimo. Anajua. Unamjua fundi mwingine hapa?

Namba yenyewe ya nne siandiki. Usiniulize.

Percy


Adelaide
Aprili 22, 1987

Mjomba,

Imefika leo.

Nilikuwa nimekaa kibarazani, kwenye ukuta ule niliotaka kutundika rimu. Nick ameisoma akaniondolea watoto. Sijui niandike nini kwako kwa hiyo siandiki. Ulimwona mama yangu akipanda kila Jumapili kwenye gari ulilolijua. Dada yako. Ulikaa ukala nyama ya kondoo.

Na mimi ndiye niliyezituma. Usidhani nimeliruka hilo.

Ndani kuna bahasha ya baba. Usimpe nesi, nenda mwenyewe, umsomee neno kwa neno. Nimemwambia najua. Nimemwomba radhi kwa miaka yote hii, kwa kila Krismasi niliyopeleka kadi kwako na si kwake. Nimemwambia nimeweka nafasi ya ndege Juni, shule zikifungwa. Nimemwambia hakuua mtu.

Msomee taratibu. Ukifika pale penye Muriel mdogo anavyoimba, msomee mara mbili.

R.


Louth
Mei 10, 1987

Rosalind,

Enid anakusalimu. Kiuno kimepona. Banda wamelivunja, wamejenga kibanda cha maua.

Nilikwenda siku bahasha ilipofika. Nilimsomea kama ulivyoagiza, upande wa sikio la kushoto, sauti ya juu kidogo. Pale pa Muriel mdogo alitabasamu, nakuapia, meno yote mawili. Nikarudia. Halafu nikafika pale uliposema unajua habari za rimu, na kwamba mimi ndiye niliyekwambia.

Loo, Rosalind. Sikujua mwili ule ulikuwa na nguvu imebaki. Aliisukuma sinia, uji ukaruka mpaka kwenye pazia. Akanitukana matusi niliyoyasikia mara ya mwisho jeshini. "Nilikuomba kitu kimoja! Kimoja, Percy, maishani mwako! Vipimo umeshindwa, na mdomo nao umeshindwa!" Basi nikajua kwa hakika kwamba alijua. Manesi wawili walinitoa nje. Mzee wa kitanda cha pili alipiga makofi.

Siku ya tatu wakaniita. Nilidhani anataka tupatane. Hakunitazama. Alikuwa na kipande cha karatasi amekiandika mwenyewe kwa mkono wa kushoto, nesi anasema kilimchukua asubuhi nzima na hakutaka msaada. Akasema, "Mpelekee, na usiongeze neno." Kisha akaugeukia ukuta.

Kifua ni kibaya. Daktari ameacha kuangalia karatasi zake, sasa anatuangalia sisi. Juni ni mbali.

Nakutumia kama kilivyo. Sikuongeza neno.

Percy


(Kipande cha karatasi, herufi kubwa, zimelala upande)

ROZ. MJOMBA WAKO AMEZEEKA ANASEMA OVYO USIMSIKILIZE. NILIKUNYWA BIA NNE. RIMU ZAKO NDIZO ZILIZOKAA VIZURI KULIKO ZOTE NILIZOWAHI KUFUNGA. MAMA YAKO ALIZIPENDA. LETE MTOTO ANAYEIMBA. BABA


Adelaide
Mei 19, 1987

Mjomba,

Sina salamu.

Nimebadilisha tiketi. Napaa Ijumaa ya wiki ijayo na mdogo, Nick atabaki na Sophie. Kama tutamkuta, tutamkuta. Lakini barua inaweza kufika kabla yangu, kwa hiyo nenda siku hiyo hiyo utakayoipata, hata kama hataki kukuona. Simama mlangoni umsomee maneno haya, na usome kama mtu anayeyaamini:

"Baba, nimepata karatasi yako. Nakuamini wewe, simwamini mjomba. Ulikunywa bia nne na ulikosea sana. Nimekusamehe. Nafurahi rimu zilikaa vizuri. Roz."

Ndicho anachotaka kutoka kwangu na hakuna kingine alichowahi kuniomba, kwa hiyo nitampa, na nikifika nitamwambia tena uso kwa uso, nikimshika mkono ule wa kulia. Nitamsamehe kosa ambalo ni langu. Na lako. Na wewe utakuwa umesimama pale, na utanyamaza, kwa sababu kunyamaza unakujua.

Mimi na wewe hatutasameheana. Nimelifikiria sana na sioni pa kuanzia. Utakuja kunipokea stesheni kwa sababu sina mwingine wa kunipokea, na utambeba mtoto kwa sababu atataka kubebwa.

Rimu usinitumie. Usimuuzie mtu wa kilabu, asije mwingine akazifunga akaona zinapendeza. Zikate. Una msumeno na una mashine, zikate vipande vipande, zote nne, zilizopinda na zilizopona. Lakini kabla hujakata hata moja, ilaze kifudifudi kwenye meza yako, weka rula juu ya ukingo, uipime vizuri, na unipokee stesheni na namba ya nne imeandikwa kwenye karatasi.

Rosalind